Roboti Haina Mke

Mume wangu aliwahi kuwa roboti kwa wiki tano. Nalisema mapema ili mtu asisome akingoja kushtukizwa. Ndani ya lile bati alikuwa yeye. Mimi nilijua, fundi aliyelitengeneza alijua, na tajiri aliyemwajiri alijua. Wengine wote mjini Sumbawanga walilipa kiingilio kumtazama.

Nisingeyafukua haya kama si binti yangu. Alikuja likizo mwaka jana kutoka Dar es Salaam, akaniketisha kwenye benchi la jikoni, akaniwekea simu yake puani. Humo mlikuwa na chombo chenye kichwa, mikono na miguu, kinakunja mashati. Kilipomaliza mashati kikamimina chai.

"Mama, hivi vitu vinakuja," akasema. "Miaka michache tu utakuwa na chako. Kikupikie, kikuchotee maji, kikushike mkono kwenda msalani."

Nilimwambia azime simu yake kabla sijaitumbukiza kwenye karai la vyombo. Alicheka sana. Anadhani mama yake ni mshamba anayeogopa vitu vipya.

Siogopi vitu vipya. Nilipokuwa msichana nilisaga ulezi kwa jiwe, magoti chini, mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Mashine ya kusaga ilipofika kwetu Kasense niliipokea kwa vigelegele, na haikuwa na macho wala vidole. Pampu ya kisima haina uso. Baiskeli haina kiuno. Kila mashine iliyowahi kunisaidia ilikuja na umbo la kazi yake, nikaipenda hivyohivyo. Sasa hawa wanaohangaika kuipa mashine magoti na shingo wanatafuta nini? Umeme wenyewe hapa huja kama mgeni, unakaa kidogo unaaga. Tope la masika linavua watu viatu, sembuse chuma chenye nyayo za kuigiza. Kwa kukunja mashati tu, mbona gharama yote hiyo?

Mimi nawaambia wanachotafuta. Wanatafuta mtu. Wanataka mtu wa kuamuru asiyejibu, asiyeugua, asiyeomba ruhusa ya kwenda msibani, ambaye hata ukimwacha juani dhamiri yako inalala usingizi mzuri. Mtu wa namna hiyo mimi nimeshamfulia nguo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ya mjini, ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu na mwuzaji anayepiga miayo, yalijaa ghafla redio, kandambili, vyombo vya plastiki na saa za kung'aa. Mitumba ilipanda kutoka Tunduma kila wiki. Vitu vikawa vinaingia kwa mlango wa mbele na kazi zinatoka kwa mlango wa nyuma. Mume wangu alikuwa mpima mizani kwenye ghala la mahindi la ushirika, kazi aliyoifanya tangu kabla hajanioa. Siku moja waliitwa uwanjani, wakasomewa orodha, wakaambiwa wamepunguzwa. Neno hilo silipendi mpaka leo. Mahindi hupunguzwa kwenye gunia likizidi uzito. Mtu anapunguzwaje?

Alirudi nyumbani na koti lake la kazi mkononi, akalitundika, akakaa. Kilichomuumiza zaidi ya njaa ni maswali. Kila aliyekutana naye alimwuliza kama amepata kitu. Na kwetu Ufipa huwezi kumpita mtu hivihivi. Mkubwa akiinama kukusalimu, wewe unainama zaidi, unachuchumaa kabisa, unapiga makofi polepole, viganja vikiwa vimejikunja kidogo ili visilie sana. Mnaulizana habari za nyumbani, za shambani, za wagonjwa. Mume wangu alikuwa bingwa wa salamu. Alikuwa na uwezo wa kuchelewa misa kwa sababu ya wazee watatu njiani. Baada ya kupunguzwa alianza kupita nyuma ya kanisa, kwenye kijia cha mbuzi, asikutane na mtu. Nilipomwona anakwepa salamu ndipo nilipojua anaumwa.

Hapo ndipo alipotokea huyo tajiri. Hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa na kibanda cha video karibu na stendi, jenereta, duka la redio na tochi, na mdomo usiochoka. Kwenye mikanda yake ya video aliona watu wa chuma wakitembea, akaona pia vijana wa mjini walivyokodoa macho. Akaja nyumbani, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa, akamtazama mume wangu kuanzia nywele hadi kucha.

"Wewe mrefu, mkimya, na huna haraka," akamwambia. "Kazi hii Mungu alikuumbia. Na uso wako hauonekani kabisa."

Niliona mume wangu anainua kichwa aliposikia habari ya uso. Kwa mtu aliyekuwa anapita kijia cha mbuzi, hilo lilikuwa neno tamu kuliko mshahara. Alikubali palepale. Nami nikakubali, nisijifanye malaika. Unga ulikuwa umefika chini ya debe, na mtoto alikuwa na miaka mitatu.

Bati lilitengenezwa na fundi wa vibatari na makarai. Alikata madebe ya mafuta ya kula, akayanyoosha, akayaunga kuwa kifua, mikono, mapaja. Kichwa kilikuwa ndoo iliyotobolewa, na macho yalikuwa vioo vyekundu vya nyuma ya baiskeli. Vyote vikapakwa rangi ya fedha, ile wanayopaka misalaba ya makaburini. Kifuani kuliwekwa redio kaseti iliyosema kwa sauti ya tajiri mwenyewe, aliyoikwaruza makusudi: "Mimi ni roboti. Sichoki. Sili. Silali." Mgongoni kulikuwa na kibao cha bati kilichofungwa kwa nati nne kutoka nje. Tajiri alisema nati lazima ziwe nje, maana watu wakiona mlango watauliza nani anaingia. Spana aliiweka mfukoni mwake, na mfuko huo ulikuwa na kifungo.

Onyesho lenyewe lilikuwa upuuzi. Jenereta linawashwa, linanguruma bila sababu, maana waya uliotoka kwake kwenda kwa roboti ulikuwa umefungwa kwenye kisigino tu. Kaseti inasema. Roboti inafagia. Roboti inamimina chai kutoka kwenye chupa, inampa mtu wa mbele, naye anakunywa huku anatazama huku na huku kama kaokota. Kisha wanaleta sanduku la udongo, roboti inashika jembe na kuinua tuta dogo. Hapo uwanja ulikuwa unalipuka. Wanaume waliotoka kulima asubuhi hiyohiyo, mikono bado ina udongo, walishangilia kuona bati linalima.

"Oya mshikaji, cheki!" vijana walikuwa wanapigiana kelele. "Hii ukiwa nayo nyumbani huoi!"

Nilikuwa nyuma yao, mke wa bati, nimebana midomo.

Jioni ndipo mtu wangu alipofunguliwa. Alitoka ameloa, mbavu zimechubuka kwa kingo za bati, amekunjamana. Sumbawanga ni baridi, ule upepo wa mwezi wa saba unapenya hadi kwenye mifupa, na baridi hiyo ndiyo iliyomwokoa siku zile. Hata hivyo alikohoa usiku kucha. Siku ya tatu nilienda na kikombe cha maji mara onyesho lilipokwisha, watu wakiwa bado wanazagaa. Tajiri alinidaka mkono kabla sijafika.

"Shemeji, unataka kuniharibia?" akasema, huku anatabasamu kwa ajili ya watu. "Roboti haina kiu. Na roboti haina mke. Kaa kule."

Nikakaa kule. Kuna matusi niliyowahi kutukanwa maishani ambayo nimeyasahau. Hilo sijalisahau, kwa sababu nililitii.

Nyumbani nilimwambia mume wangu aache. Alinijibu kitu ambacho sikukitarajia.

"Kule ndani hakuna anayeniuliza kama nimepata kazi," akasema. "Wananitazama tu. Mama watoto, ni raha kidogo."

Nilitaka kumpiga na mwiko. Mtu mzima, aliyekuwa anapima mahindi ya wilaya nzima, amepata raha ndani ya debe la mafuta! Lakini alikuwa anakula, alikuwa anazungumza, na alikuwa amerudi kucheka na mtoto. Nikaurudisha mwiko chunguni.

Wiki ya tano tajiri akatangaza safari ya Muze, siku ya mnada. Nani asiyejua Muze? Ukitoka huku juu umevaa sweta, unaanza kulivua kabla lori halijamaliza mteremko, na ukifika bondeni unatamani kuvua na ngozi. Wafugaji wa Kisukuma walikuwa wamehamia kule na ng'ombe wao, wakulima wa mpunga walikuwa wametoka kuuza, na tajiri alikuwa ameshawanusa. Nilimfuata dukani kwake. Nilimwambia wazi kwamba mume wangu atafia mle ndani. Baridi ya hapa ndiyo inayomwacha hai, jua la kule litampika.

"Dakika ishirini tu, shemeji," akasema. "Hata ugali hauivi."

Nikapanda lori nao. Sikuomba nafasi. Nilikaa juu ya jenereta na dumu langu la maji, na mume wangu akakaa pembeni, bati likiwa limelala katikati yetu kifudifudi. Njia nzima ya kuteremka nilimwambia akatae. Alisema ni mara ya mwisho, kisha atatafuta shamba la kukodi. Nilikuwa na kazi moja siku ile, kumrudisha huyu mtu nyumbani akiwa anapumua, na niliamini naiweza.

Walimfungia nyuma ya ukuta wa mashine ya kusaga. Nililowesha kanga yangu, nikamzungushia kifuani kabla ya bati. Tajiri akakaza nati nne, akatia spana mfukoni, akafunga kifungo. Jua lilikuwa limesimama utosini. Niliweka kiganja kwenye ile rangi ya fedha nikakiondoa haraka.

Uwanja ulijaa. Safari hii nilikataa kukaa nyuma, nikajipenyeza mpaka mstari wa mbele, hatua tano kutoka kwake. Jenereta likanguruma, kaseti ikasema haichoki, haili, hailali. Akafagia. Akamimina chai. Watu wakataka arudie chai, akarudia. Wakataka tuta, akainua tuta. Dakika ishirini zilipita, na tajiri, akiona watu bado wanaongezeka, akageuza kaseti akaanza upya. Nikampigia ishara kwamba basi, inatosha. Akajifanya haoni.

Ndipo akatokea bibi mmoja muuza mchele, ungo kichwani, anapita zake kuelekea upande wa pili. Hakuwa amelipa wala hakujua kinachoendelea. Alichoona ni mtu mrefu amesimama katikati ya uwanja na watu wamemzunguka, bila shaka mgeni wa heshima. Akatua ungo. Akachuchumaa mbele yake, akapiga makofi polepole, akamsalimu kwa Kifipa, akamwuliza habari za huko atokako.

Watu wakaangua kicheko. Bibi anaamkia mashine! Mmoja wa vijana alilala chini kwa kucheka.

Roboti ikajibu. Niliona ndoo inainama, magoti yale ya debe yakajaribu kukunjika, viganja vya bati vikagongana mara moja, ko, kisha mara ya pili. Kwa wiki tano alikuwa amefundishwa asimjibu yeyote, lakini kichwa kilikuwa kimechemka na kilichobaki kufanya kazi ni mwili, na mwili wa Mfipa ukisalimiwa na mkubwa unakwenda chini. Bati halikuundwa kwa kuchuchumaa. Goti la kushoto likapasuka, akaanguka kwa ubavu, na ndoo ikagonga lile sanduku la udongo.

Kicheko kilikatika. Kutoka ndani ikasikika sauti ya mtu anayetapika.

Kwa sekunde chache nilidhani tumepona. Nilidhani sasa wameona, watakimbia na maji, watamfungua. Watu ni watu. Mwanaume mmoja aliyebeba mtoto mabegani ndiye aliyesema wa kwanza.

"Ni mtu! Wametuibia! Mimi nimelipa kuona mashine!"

Basi, likawa ndilo neno la uwanja mzima. Wezi. Matapeli. Rudisheni kiingilio. Nimelitafakari jambo hili miaka mingi na bado linanichoma. Hakuna aliyekasirika kwamba mtu ameokwa mbele yao. Walikasirika kwamba hakuna mashine. Wangeridhika zaidi bati lingekuwa tupu. Wakaanza kulipiga mateke, na kila teke nililisikia mara mbili, kwanza bati, halafu yeye. Nililala juu yake. Bati liliniunguza mikono, alama ninazo.

Nilipoinua uso kumtafuta tajiri mwenye spana, lori lilikuwa limeshawashwa. Aliondoka na jenereta, kaseti na mkebe wa kiingilio, na ile spana iko mfukoni mwake imefungwa kifungo. Hakugeuka hata kutazama alichokiacha. Kama bado yu hai, na asome haya.

Mfugaji mmoja wa Kisukuma aliyekuwa na fimbo ndefu alipita katikati ya watu akaisimamisha fimbo yake kati yetu na wao. Hakuna aliyeivuka. Nikapiga kelele kuomba spana. Fundi baiskeli akaja mbio na spana zake kwenye mfuko wa khaki, akajaribu namba kumi na mbili ikacheza, akajaribu namba kumi ikashika. Nati ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa imepindika kwa mateke. Akaing'oa na bati lake. Kanga niliyoilowesha ilitoka kavu, ina moto, kama imetolewa kwenye pasi.

Tulimburuta mpaka kivulini, kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Bibi wa mchele alitupatia maji ya kumwosha mume wangu uso, akakaa pembeni akilia, anadhani salamu yake ndiyo iliyomwangusha. Nilimmwagia maji kichwani, nikamnywesha kidogokidogo kwa kiganja. Ilichukua muda mrefu macho yake kurudi mahali pake. Uwanjani walikuwa wameshapata furaha nyingine, wanapiga ndoo ya kichwa kama mpira.

Alipoanza kupumua vizuri, hofu yangu ikageuka hasira, nayo nikammwagia yeye, maana ndiye pekee aliyebaki wa kumwagia. Nilimwita mjinga. Nilimwuliza kama alitaka kuniachia mtoto peke yangu kwa ajili ya kuchekesha watu. Nilimwuliza mdomo wake ulikuwa wapi.

"Mbona hukupiga kelele?" nikamwambia. "Mbona hukumwita mtu?"

Alinitazama. Midomo yake ilikuwa imepasuka, akailamba kwanza.

"Niliita," akasema. "Nilikuita wewe, mama watoto. Kabla ya bibi. Nilikuita mara tatu. Ulikuwa palepale mbele, unanitazama usoni."

Nilikuwa nimesikia. Sauti ile niliisikia vizuri, nzito, ya kukwaruza, inatoka kwenye bati, mara tatu. Nilidhani ni kaseti. Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga.